Fimbo Begani mwa Ammini

Wiki iliyopita Rehema, dada wa Kiganda anayefanya kazi nyumbani kwa mwanangu hapa Mirdif, Dubai, aliloweka tofali la makumbi ya nazi ndani ya ndoo. Mkamwana wangu huyanunua dukani, yamekandamizwa yakawa magumu kama jiwe, ya kuoteshea maua. Nilikuwa nimekaa kibarazani nakunywa chai. Harufu ya kumbi lililorowa ilipopanda nilijikuta nimeinuka, kikombe mkononi, wala sijui nimeinukia nini.

"Mzee, unataka kitu?"

"Sitaki kitu. Makumbi hayo sisi zamani tulikuwa tunaogeshea ndovu."

Akacheka kidogo, kwa adabu. "Ndovu wapi, Mzee? Ndovu wako kwetu Uganda. Hapa kuna ngamia."

"Hapahapa," nikamwambia. "Pengine chini ya hiyo gereji."

Hakuamini, nami sikumlazimisha. Lakini tangu siku ile jambo hili halijanitoka. Waliohusika wamekwisha kufa au wamenipotea, nimebaki mie peke yangu, na naona ni haki niliandike kama lilivyokuwa, pamoja na sehemu yangu.

Wenzangu wa rika langu mnaikumbuka Mirdif kabla ya nyumba hizi. Ilikuwa mchanga na miti ya ghaf, na hapa na pale shamba la tajiri lenye kisima na ukuta wa udongo. Sisi tulikaa katika shamba moja la namna hiyo. Tulitoka Unguja nikiwa mdogo, kwa sababu ambazo kila mmoja wenu anazijua kutoka kwao na sina haja ya kuzirudia. Baba alikuwa fundi saa. Alifika Dubai na vibisibisi vyake vimefungwa ndani ya leso, lakini saa za kutengeneza hazikuwepo, au zilikuwepo na mafundi wake tayari. Alipopelekwa kwa tajiri mmoja kuombewa kazi, tajiri alimuuliza ametoka wapi. Baba akasema Zinjibari.

"Afrika," akasema tajiri. "Basi ndovu mnawajua."

Baba hakuwahi kumwona ndovu maishani mwake. Unguja haina ndovu, kila mtu wa Unguja anajua hivyo, lakini yule tajiri hakuwa mtu wa Unguja. Baba alikuwa na mke, mtoto wa miaka minane, na karatasi zisizoeleweka. Akajibu, "Naam, arbab, tunawajua." Arbab ndivyo watu wa huku wanavyomwita tajiri anayekuajiri, nasi tulimwita hivyo tangu siku ile.

Ndovu mwenyewe aliitwa Ammini. Alikuwa jike la Kihindi, zawadi kutoka kwa mfanyabiashara wa mbao wa Malabar aliyekuwa akimuuzia arbab magogo ya msaji. Nilikuwa nimeona picha ya ndovu wa Afrika katika kitabu cha skuli, na nilipomwona Ammini nilidhani ana ugonjwa. Masikio yake yalikuwa madogo, mgongo umevimba katikati kama mkate, kipaji cha uso kina nundu mbili, na hana pembe. Pembeni mwa masikio na chini kwenye mkonga ngozi ilikuwa imeparara na kuwa ya waridi, yenye madoadoa, kama mtu aliyemwagikiwa na maji ya moto zamani. Lakini macho yake yalikuwa na kope ndefu, na akikusogelea ulisikia ngurumo ndogo ambayo haikuingia masikioni bali kifuani.

Baba aliajiriwa kuwa mlinzi na kumsaidia mlezi wake. Mlezi aliitwa Velu, Mhindi mwembamba mwenye masharubu na magoti makubwa, aliyekuja na Ammini katika meli moja. Mie nilimwita Ami Velu. Tulizungumza kwa Kiarabu kibovu, chake na changu, pamoja na Kiswahili alichokiokota jikoni kwa Mama, kwa sababu katika shamba lile Mama na Velu walikuwa watu wawili tu wanaokuna nazi. Alikuja kila siku kuomba makumbi ya kumsugulia Ammini, na kila siku waligombana.

"Nazi yako unaikaanga mpaka inaungua, Bwana Velu. Ndiyo maana mchuzi wako mweusi."

"Yako unachemsha, dada. Chakula cha mgonjwa."

"Mbona unakila?"

"Mimi mgonjwa. Ugonjwa wangu nyumbani."

Mama alicheka, akamjazia kikapu. Asubuhi Ammini alilazwa ubavu kando ya kisima, naye Velu alipanda juu yake na kumsugua kwa kumbi, kuanzia sikio hadi unyayo, kama mwanamke anayefua busati. Mie nilipewa kumbi langu na kutengewa mguu mmoja. Nilizijua kucha zake zote. Maji yalipochanganyika na vumbi la ngozi yake na nyuzi za kumbi, ilitoka ile harufu iliyoniinua kibarazani juzi.

Velu alipenda kueleza. Baba yake ndiye aliyemlea Ammini kabla yake, na babu yake alimlea ndovu aliyemfundisha Ammini kuvuta magogo. Alirithishwa yule mnyama kama wengine wanavyorithishwa cherehani. Kwao, alisema, wafalme walipigana vita juu ya migongo ya ndovu, mahekalu yaliwavisha dhahabu usoni, na misitu mizima ilitolewa milimani kwa vifua vyao. Nikamuuliza, ikiwa wameishi na watu muda wote huo, kwa nini Ammini anafungwa mnyororo mguu wa nyuma na ng'ombe wa arbab hafungwi.

"Ng'ombe amezaliwa kwetu," alisema. "Baba yake kwetu, bibi yake kwetu. Ng'ombe msitu amesahau. Ndovu kila mmoja anakamatwa mwenyewe, anafundishwa mwenyewe. Ammini alikamatwa mdogo, hivi," akaonyesha kiuno changu. "Msitu hajasahau. Ameacha kusema tu."

Sasa niieleze fimbo, kwa sababu bila hiyo hamtanielewa. Velu alikuwa na fimbo ndefu ya mti mgumu, ndefu kuliko Baba, nyeusi kwa mafuta ya viganja. Alipotaka kuondoka, kwenda kunywa chai au kulala kidogo adhuhuri, alimfungua Ammini mnyororo, akamsimamisha penye kivuli, akaiegemeza ile fimbo mguuni mwake hadi begani, kisha akaenda zake. Hakumfunga popote. Ammini alibaki amesimama. Alipepea masikio na kupumua, mkonga ukachezacheza mbele yake, lakini ule mguu haukutikisika. Fimbo haikuanguka. Saa moja, saa mbili, nzi wakimtambaa machoni, alisimama mpaka Velu arudi na kuichukua.

"Kwa nini haiangushi, ami?"

Velu alikuwa akitafuna tambuu. Akatema pembeni kwanza. "Ananipenda," akasema.

Nikaamini. Nilidhani anamshikia fimbo yake, kama mie nilivyomshikia Baba viatu mlangoni mwa msikiti. Kwa mtoto hakukuwa na jambo zuri kuliko hilo, mnyama mkubwa kuliko nyumba yetu anamtunzia mtu mwembamba fimbo yake isianguke mchangani.

Shamba lile lilikuwa na lango moja. Arbab alikuja siku za Ijumaa na pikapu yake, na ndiyo siku tulizopata habari na mafuta ya taa. Baba hakuweza kutoka bila ruhusa. Karatasi zetu zilikuwa mikononi mwa arbab, na pasi ya Velu ilikuwa katika kasha lake la chuma mjini, kwa miaka mitano sasa, ingawa alikuja kwa miwili. Arbab hakuwa mtu mbaya. Alitulisha, alimleta daktari nilipopata homa. Lakini ndovu alimtii Velu tu, kwa hiyo Velu hangeweza kwenda popote, na jambo hili arbab alilisema kwa upole kabisa, kama mtu anayekueleza hali ya hewa. Mama alikuwa akisema humu ndani sote tumefungwa, Ammini peke yake ndiye anayefunguliwa adhuhuri.

Sisi tulikuwa na tumaini letu. Mtu wa kwetu aliyefungua duka la saa Deira alimwahidi Baba meza, mara tu atakapoachiwa na arbab. Mama alikwisha kuchagua hata mtaa. Alitaka Muraqqabat, karibu na wenzake, asikie Kiswahili dirishani.

Kisha Velu akapata barua. Mkewe alikuwa akikohoa damu. Walikuwa na binti mmoja, Sujata, rika langu, ambaye Velu alimwacha akiwa bado anakosea maneno. Ijumaa ile alimfuata arbab mpaka kwenye gari, akasimama amevua kilemba. Arbab alifikiri, akamtazama Baba.

"Mfundishe Mzinjibari," alisema. "Ndovu akimsimamia yeye na fimbo, wewe nenda kwa miezi sita. Pasi yako nitakuja nayo mwenyewe. Yalla, mfundishe."

Baba alijifunza miezi miwili. Alikuwa mtu wa kutazama vitu vidogo kwa jicho moja, na sasa alifundishwa kusimama chini ya kidevu cha mnyama yule na kumwamuru kwa Kimalabari. Usiku, kabla ya kulala, alirudia maneno yale mkekani kama anayehifadhi juzuu. Mama alimtania.

"Wahenga walisema ndovu hashindwi na mkonga wake. Hawakusema kama fundi saa hashindwi na wa mwenzake."

"Nicheke tu, mama watoto. Akienda huyu na akirudi, na mie ndiyo zamu yangu ya kuomba."

Polepole Ammini akaanza kumsikia. Alilala Baba alipomwambia lala. Alimwinulia mguu akapanda. Siku moja Baba aliiegemeza fimbo, akaenda hatua ishirini, akarudi, na fimbo ilikuwa pale pale. Velu alimkumbatia. Nami nilikuwa juu ya ukuta nikitazama.

Hapa lazima niwe mwangalifu, kwa kuwa nimejidanganya mara nyingi juu ya siku zile. Nilikuwa nimejiambia kwamba ndovu humsimamia anayempenda. Sasa anamsimamia Baba, maana yake amemwacha Velu, na Velu masikini anacheka kwa kuwa hajaelewa. Niliona ninamwonea huruma. Huo ni ukweli, lakini ni nusu. Nusu nyingine ni kwamba sikutaka aondoke. Katika shamba lile hakukuwa na mtoto mwingine, hakuna skuli ila masomo ya Mama, na mtu aliyenipa kumbi na kunitengea mguu wangu alikuwa Velu. Nilijua kuna mwanamke anakohoa mahali fulani. Hakuwa na uso kwangu.

Ijumaa ya mtihani arbab alikuja na wageni wawili. Walitandikiwa zulia chini ya ghaf, wakaletewa kahawa. Pasi ya Velu ilikuwa mfukoni mwa kanzu ya arbab, niliiona ncha yake. Baba alivaa kofia ya kwenda msikitini. Alimwongoza Ammini hadi katikati ya uwanja, akasema maneno yake bila kukosea, akaiegemeza fimbo, akageuka, akaenda kukaa kwenye zulia alipoitwa. Velu alisimama nyuma yao, mikono ameifumbata.

Mie nilikuwa upande wa pili, nyuma ya lundo la majani ya mifugo, mbele ya macho ya Ammini. Mkononi nilikuwa na bonge la sukari guru nililolitoa ndani ya kopo la Velu, ambalo alinionyesha mwenyewe anapoliweka. Hakuna kitu Ammini alichokipenda zaidi ya hicho. Nikanyoosha mkono.

Mkonga ukainuka. Ukanusa. Kwa muda mrefu hakusogea, na niliona jicho lake likizunguka, likitazama nyuma, likarudi kwangu. Nikanyoosha mkono zaidi na kuita jina lake kwa sauti ndogo, kama nilivyokuwa nikimwita kisimani. Akainua mguu, hatua moja. Fimbo ikaanguka.

Sauti yake juu ya ule mchanga ulioshindiliwa haikuwa kubwa. Nikaitupa sukari guru na kulala chini.

Wageni walicheka. Arbab naye alicheka, bila ubaya. "Khalas," alisema. "Ndovu hamtaki. Velu atabaki." Akamalizia kahawa yake.

Nilidhani yamekwisha. Sikuwa najua kwamba fimbo ikianguka kuna jambo la pili. Velu alikuja mwenyewe, akaokota fimbo, akasimama mbele ya ule mguu uliosogea na kuanza kumpiga kwenye kucha. Alipiga pigo baada ya pigo, mahali pamoja, uso wake hauna hasira wala chochote, kama mtu anayetwanga. Ammini alitoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, nyembamba, kama ya filimbi, akajikojolea. Hakukimbia. Alikuwa hana mnyororo, lango lilikuwa wazi kwa ajili ya gari, na hakukimbia. Alisimama akitetemeka huku akijaribu kuuweka mguu pale ulipokuwa kabla.

Basi nilielewa kwa nini fimbo haianguki.

Nilipolala siku ile nilikwisha kuwa na maarifa yote niliyoyahitaji ili nitende haki. Nilijua ndovu hakumkataa Baba. Nilijua Baba angeweza kujaribu tena na kufaulu. Na nilisikia kwa masikio yangu, mara tatu katika majira yale ya baridi, Velu akimwomba.

"Mara moja tena, bwana. Mimi nasema na arbab."

"Hanitaki, Velu. Umeona mwenyewe, mbele ya watu. Mie si mtu wa wanyama. Nilidanganya siku ya kwanza, na Mungu amenionyesha."

"Yeye anakutaka."

"Asingesogea."

Mara zote tatu nilikuwa hapo hapo, nakula au nachora mchanga kwa kijiti. Ningesema neno moja. Niliogopa kipigo cha Baba, ambaye hakuwahi kunipiga. Niliogopa zaidi Velu ajue. Kila siku niliahirisha mpaka kesho yake, na kila kesho ilikuwa ngumu kuliko jana. Watu huniambia mtoto wa miaka tisa hana hatia. Kwa ile sukari guru, labda. Kwa ile miezi minne ya kunyamaza, sikubali. Nilijua mtu amefungiwa, nilijua ufunguo uko kinywani mwangu.

Telegramu ililetwa na dereva wa arbab. Velu hakuhitaji kusomewa. Alikwenda nayo kwenye banda la Ammini, akakaa juu ya rundo la makuti, nao wakabaki hivyo tangu asubuhi mpaka alasiri. Mama alimpelekea wali, akarudi nao. Alipika tena, safari hii akaikaanga nazi mpaka ikawa nyeusi, kama anavyopenda yeye. Akarudi nao pia.

Baba alikuwa anatia udhu kwa ajili ya alasiri. Nikasimama mbele yake na kusema yote, mpaka mwisho, maji yakimtiririka viwikoni. Hakunikatisha. Nilipomaliza aliniuliza maswali kama anayefungua saa.

"Ulisimama wapi?"

"Nyuma ya majani."

"Ulimrushia au ulimwonyesha?"

"Nilimwonyesha. Nikamwita."

"Akasogea mara moja?"

"Hapana. Alikaa sana kwanza."

Baba aliinamisha kichwa. "Kwa hiyo angesimama," alisema. Na mbele ya mengine yote niliona usoni mwake kitu kama furaha, kikapita, kikamwacha na uso mwingine ambao sikuupenda. Akanishika mkono. Hakuninyanyasa, alinishika tu, tukaenda bandani.

"Mwambie na yeye."

Nikasema mara ya pili, kwa Kiarabu chetu kibovu. Velu alinisikiliza akitazama telegramu iliyokuwa gotini. Nilingoja aniulize kuhusu kopo lake, au mkewe. Akasema neno moja kwa Baba, si kwangu.

"Nilimpiga bure."

Akainuka, akamwendea Ammini, akachuchumaa kwenye ule mguu na kuushika kwa mikono miwili. Mmoja wa zile kucha ulikuwa umepasuka na haukupona vizuri tangu siku ile. Alikaa pale. Baba akanigeuza mabega tukatoka.

Jioni ile walizungumza jikoni, Baba na Mama, nami nikasikia kwa sababu chumba kilikuwa kimoja.

"Nitamwambia arbab anijaribu tena," Baba alisema. "Binti wa Velu amebaki na bibi kikongwe."

"Ndovu akikusimamia, huyu akienda hatarudi. Atarudia nini?"

"Najua."

"Basi ndiyo wewe sasa. Arbab atakushika wewe kama alivyomshika yeye."

"Najua, mama watoto."

"Na meza Deira?"

Nilisikia sufuria ikiwekwa chini. "Atakaa mwingine," alisema Baba.

Mtihani wa pili haukuwa na wageni. Baba aliniambia nisimame kando ya arbab, mikono nje, iliyo wazi. Aliiegemeza fimbo akaja kukaa. Arbab alikunywa kahawa yake, akaswali adhuhuri, akalala kidogo chini ya ghaf na leso usoni, akaamka. Ammini alikuwa amesimama. Arbab akatoa pasi mfukoni, akampa Velu, na kwa mkono ule ule akampiga Baba begani. "Nilisema mimi," aliwaambia wote. "Watu wa Afrika ndovu wanawajua."

Velu aliondoka na pikapu siku hiyo hiyo. Alimuaga Mama, alimuaga Baba kwa muda mrefu. Kwangu alisema juu ya ule ukucha tu, kwamba usafishwe kila asubuhi kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu, yasiwe ya moto. Sikupata barua yake hata moja. Sijui kama alimkuta Sujata mzima.

Arbab alipokwisha kuondoka Baba aliichukua ile fimbo, akaiingiza katika matanzi mawili ya kamba kati ya ukuta na ghaf, ikawa ya Mama kuanikia nguo. Hakuiegemeza kwa Ammini tena hata siku moja. Lakini ndovu aliyefunguliwa lazima awe na kitu cha kumzuia, na Baba hakutaka mnyororo mchana wala hakutaka fimbo, kwa hiyo alibaki yeye. Popote Ammini alipokuwa, Baba alikuwa hatua kumi kutoka pale, juu ya kigoda chake, ana saa ya mtu mkononi anayoitengeneza. Kadiri alivyokuwa mpole kwake ndivyo alivyozidi kufungika. Mie nilipelekwa mjini, nikakaa kwa shangazi Muraqqabat, nikasoma mpaka sekondari. Mama alikuja kwetu baadaye, afya ilipomlazimu. Baba hakuja. Nilikwenda kumtazama kila Ijumaa, halafu Ijumaa moja moja, halafu sikukuu.

Nilioa nikiwa na miaka ishirini na mitatu. Karamu ya wanaume ilikuwa katika hoteli ndogo hapo hapo Muraqqabat. Nilikuwa nimepata kazi ya ofisini, mabwana zangu wa kazi walikuwepo, na wakwe zangu walikuwa watu wenye jina. Baba alifika amechelewa, kanzu nyeupe, viatu vina udongo mwekundu wa kisimani. Alikaa kama nusu saa. Biriani ilipoanza kuletwa akaniinamia na kuniambia anakwenda.

Niliona haya. Nikasema kwa sauti, ili meza ijue kwamba hata mie hali yake naiona, "Hata leo, Baba? Siku ya arusi ya mwanao, ndovu?"

"Leo naye anakunywa maji," alisema.

Meza ikacheka. Shemeji yangu mmoja akasema, "Wallahi huyu mzee ana mke wa pili huko shambani," wakacheka zaidi. Baba naye alitabasamu, akaniwekea mkono kichwani, akaniombea dua fupi.

Katika ukumbi ule tulikuwa watu wawili tu tuliojua kwa nini mzee huyu hawezi kukaa akala biriani ya mwanawe. Mmoja alikuwa mlangoni, ameinama, anatafuta viatu vyake. Mwingine alikuwa anacheka na wageni.